UZI: Hekaya za mawe yetu, na mawe ambayo hayana wa kuyasimulia (Kit Mikayi, Simbi, Thimlich Ohinga, mashimo ya Wasirikwa)

Wadau, salaam. Uzi huu ni mrefu na nitauandika kwa vipande, kwa hiyo atakayeingia katikati tafadhali aanzie juu.

Kila sikukuu watu wa pande zetu hupandisha picha zile zile mtandaoni. Mtu amesimama chini ya Kit Mikayi, mwingine yuko ukingoni mwa Simbi Nyaima, mwingine anaonyesha jiwe la Ilesi linalolia. Chini ya picha panawekwa hekaya kwa mistari mitatu, kisha ubishi unaanza. Hawa wanasema ni uzushi wa wazee, wale wanasema mkoloni ndiye aliyetufundisha kudharau vya kwetu. Ubishi huo nimeusoma hadi nikauchoka, kwa sababu pande zote mbili zinatazama mawe yale yale na kuyapa mengine kisogo.

Ninachotaka kusema ni hiki. Mahali petu penye hekaya kubwa, karibu pote ni kazi ya maumbile: mwamba uliopasuka, shimo la volkeno, maji yanayoteremka juu ya jiwe. Na pale ambapo binadamu walijenga kwa mikono yao, katika zile karne ambazo Kilwa ilikuwa ikipiga sarafu zake na Gedi ilikuwa na misikiti na visima, huku kwetu bara hapana hekaya inayovuma na hata majirani wengine hawajui pana nini. Mtoto wa shule ya msingi Kisumu atakusimulia habari za mke mkubwa na jiwe lake. Muulize nani alijenga kuta za Thimlich Ohinga, au yale mabonde ya duara kwenye kilima nje ya Nakuru yalikuwa ya nini, atakutazama tu. Si kosa lake. Hatukuwaambia, kwa kuwa nasi hatukuambiwa.

Nianze na yanayojulikana.

KIT MIKAYI

Ukitoka Kisumu kwa njia ya Bondo, baada ya karibu kilomita 30 unaingia Seme, na hapo mawe yanajitokeza yenyewe: magogo makubwa ya mwamba yamebebana, lile la juu limekaa kana kwamba mtu amelipandisha jana. Hekaya inamtaja mzee aliyeitwa Ngeso. Mzee huyu aliyapenda mawe hayo kupita kiasi. Kukicha anakwenda, anaingia pangoni katikati ya mawe, anakaa humo hadi jua linazama. Mke wake wa kwanza, mikayi, ndiye aliyempelekea kifungua kinywa na chakula cha mchana huko huko, siku zote, hadi watu wakazoea kuliita jiwe hilo kwa jina lake.

Ipo na simulizi ya pili, nayo ndiyo ninayoipenda zaidi. Inasema mawe yale ni mji wa mwanamume mwenye wake watatu. Hili ni mikayi, lile ni nyachira, lile ni reru, na dogo lililo mbele ni simba, nyumba ya kijana wa kiume ambaye bado hajaoa. Anayejua boma la Kijaluo anaelewa mara moja. Nyumba ya mikayi inatazamana na lango, ya nyachira inakaa upande mmoja na ya reru upande wa pili, na simba ya mtoto wa kiume iko kule chini karibu na lango. Kwa hiyo bibi aliyekuwa akisimulia jambo hili kwa wajukuu usiku katika siwindhe, nyumba ya bibi wanamolala wajukuu, alikuwa akiwachorea ramani ya boma. Mtoto alitoka pale anajua nani anajenga wapi, na nani anatangulia nani kulima na kuvuna. Mawe yalikuwa ubao wa kufundishia.

Sasa mawe yenyewe. Hakuna aliyeyapandisha. Ni mwamba wa granaiti ambao zamani ulikuwa umefunikwa na udongo. Mwamba wa aina hiyo una nyufa, nyingine zimesimama wima na nyingine zimelala. Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa hizo na kuuozesha mwamba taratibu, hasa kwenye pembe, kwa sababu pembe hushambuliwa kutoka pande zaidi ya moja. Baada ya muda mrefu sana kipande cha mraba kinakuwa cha mviringo kikiwa bado kiko chini ya ardhi. Udongo unapochukuliwa na mvua, kilichooza kinaondoka nao, na kilicho kigumu kinabaki kimekaa juu ya mwenzake. Ndiyo maana ukitazama kwa makini unaona kipande cha juu na cha chini vinafuatana umbo, kwa sababu vilikuwa kitu kimoja.

Hilo halimzuii mtu kuomba pale. Waumini wa Legio Maria, kanisa lililozaliwa huku Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, huenda kusali kwenye mapango yale, na wa makanisa mengine pia. Ukienda utawakuta. Pita taratibu na uweke simu mfukoni.

SIMBI NYAIMA

Hii wengi mnaijua kwa hiyo nitakwenda haraka. Karibu na Kendu Bay palikuwa na kijiji. Usiku mmoja kuna sherehe, pombe imejaa vyungu, ngoma inalia. Akatokea bikizee mgeni, mchafu, ana njaa, mvua imemnyeshea. Akaomba mahali pa kuota moto na chakula kidogo. Mwenye mji akaamuru afukuzwe. Mwanamke mmoja tu alimwonea huruma akampeleka nyumbani kwake, akampa chakula. Bikizee akamwambia: chukua watoto wako, ondokeni usiku huu huu. Wakaondoka. Mvua ikashuka, ardhi ikadidimia, na asubuhi palipokuwa na kijiji pakawa na ziwa.

Ziwa hilo ni shimo la volkeno. Uji wa moto kutoka chini ukikutana na maji yaliyo ardhini, maji hugeuka mvuke kwa ghafla, na mvuke huo hulipua ardhi juu yake. Kinachobaki ni shimo la duara lenye kingo zilizosimama, na baadaye linajaa maji. Hakuna mto unaoonekana ukiingia Simbi. Maji yake ni ya magadi, rangi ya kijani inatokana na viumbe vidogo sana vinavyopenda magadi, na viumbe hivyo ndivyo vinavyowaleta heroe. Heroe wa Nakuru na Bogoria wakiona kwao chakula kimepungua hurukia huku.

Nina jambo moja la kuongeza. Hekaya ya mgeni aliyefukuzwa na mji ukaangamia haiko kwetu tu. Aliyesoma Biblia anamkumbuka Lutu na wageni wake kule Sodoma. Mahali popote ambapo safari ni za miguu na usiku una hatari, kumfungia mgeni mlango ni kumuua, na jamii inahitaji namna ya kulisema hilo kwa sauti kubwa. Watu wa Kendu walikuwa na shimo kubwa la duara lisilo na mto, lenye maji yasiyonyweka, karibu kabisa na Ziwa Victoria ambalo maji yake yananyweka. Shimo hilo wakalitumia kufanya kazi hiyo.

*

Narudi. Nimeona maswali kuhusu Luanda Magere, na kuna ndugu ameuliza kama hiyo si hadithi ya Samsoni na Delila iliyovalishwa nguo za Kijaluo.

Kwa asiyeijua: Luanda Magere alikuwa shujaa wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe. Mikuki ya Wanandi ilimgonga ikapinda. Wanandi waliposhindwa vitani wakampa binti wao mzuri awe mke. Siku moja Magere akaugua, na mke wake wa kwanza hayupo, akamwomba huyu Mnandi amchanje dawa. Wembe ukakataa mwilini. Akamwambia: chanja kivuli changu. Akachanja kivuli, damu ikatoka. Usiku ule binti akatoroka kwenda kwao na siri. Vita vilivyofuata mtu mmoja alilenga kivuli, na shujaa akaanguka akawa jiwe. Jiwe lenyewe liko katika bonde la mto Nyando, na wawindaji walikuwa na mazoea ya kunoa mikuki yao juu yake kabla ya kwenda porini.

Kufanana na Samsoni kupo, sikatai, lakini tazama vitu ambavyo haviko kwa Samsoni. Kivuli kinachobeba uhai wa mtu. Wembe na chale za dawa. Mke wa kwanza ambaye hayupo siku anapohitajika. Na zaidi ya yote, uwanda wenyewe. Kano ni tambarare ya malisho chini ya milima ya Nandi, na kwa vizazi vingi, hasa karne ya 18 na ya 19, ng'ombe walipanda na kushuka mlima huo kwa kuibwa na kurudishwa. Katikati ya vita hivyo watu walioana. Kila mkulima wa Kano anajua koo zenye damu ya mlimani, na mlimani wapo wenye damu ya chini. Hekaya hii inatembea juu ya hofu halisi: huyu niliyemwoa, siku ya vita atakuwa wa nani? Historia iliyomo humo ni ya mpaka, na ni ya kweli kabisa, ingawa hakuna mtu aliyewahi kuwa jiwe. Ila hiyo ni ya karne za karibuni. Siyo ya zama za kati, zile karne za Kilwa na Gedi nilizozitaja mwanzoni. Tusiirudishe nyuma kuliko inavyostahili.

Basi tuje kwenye zama za kati zenyewe.

THIMLICH OHINGA

Iko kaunti ya Migori, kaskazini magharibi ya mji wa Migori, kwenye nchi ya vichaka na vilima vya chini. Usitegemee kuiona kutoka mbali. Unafika unaona miti, mingine aina ya euforbia iliyosimama kama nguzo, halafu ghafla uko mbele ya ukuta wa mawe unaokupita kimo.

Niueleze ukuta huo, kwa sababu picha haziutendei haki. Hakuna saruji, hakuna udongo wa kushikanisha, na mawe hayakuchongwa. Fundi alikuwa na rundo la mawe ya maumbo yote na akayapanga hivyo hivyo. Alijenga nyuso mbili, ya nje na ya ndani, na kila jiwe kubwa akaligeuza hadi likapata kiti chake. Katikati ya nyuso hizo akajaza mawe madogo, yakawa kiungo kinachozishika zote mbili. Unene ni mita 1 hadi 3, na kimo kinafika mita 4.2 mahali pengine. Ukiweka kiganja juu yake na kusukuma, hakuna kinachocheza. Ukuta umepinda pinda kama nyoka, na kupinda huko ndiko kunakousaidia kusimama, maana ukuta ulionyooka wa mawe yasiyochongwa huanguka mapema.

Lango ni fupi na jembamba. Unaingia umeinama, kichwa kikitangulia. Adui aliyeingia hivyo hakuwa na nafasi ya kuinua mkuki, na wenyeji walikuwa wamemsubiri wamesimama. Ng'ombe nao walipita mmoja mmoja, kwa hiyo waliweza kuhesabiwa. Ndani kuna zizi dogo ndani ya boma, kuna alama za misingi ya nyumba, kwenye eneo hilo kuna mahali pa kufua chuma, na kuna jiwe lenye vishimo vilivyopangwa safu kwa safu vya kuchezea bao, ajua kama tunavyouita. Hapo ndipo nilipokaa kwa muda mrefu zaidi. Kuta zinakuambia watu waliogopa, na lile jiwe la bao linakuambia walikuwa na jioni za kupumzika.

Maboma makubwa pale ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Kolouch. Kochieng ndilo kubwa. Na hayo ni mabaki yaliyohifadhika vizuri tu. Ukanda mzima wa kusini mwa Nyanza una mamia ya maboma ya mawe ya namna hiyo, mengi yamebomolewa mawe yakajengea mengine. Wataalamu wanakadiria Thimlich ilijengwa karne ya 16. Serikali iliitangaza kumbukumbu ya taifa mwaka 1981, na mwaka 2018 UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Nani alijenga? Hapa ndipo ubishi wa kikabila unapoingia, na ningeomba tuutulize. Walioanza inaelekea walikuwa wasemaji wa lugha za Kibantu. Waliofuata, wakiwemo Wajaluo, waliingia, wakakarabati palipoanguka, wakaongeza. Jamii moja ikihama nyingine inahamia, na kila moja iliutunza ukuta kwa ufundi ule ule. Yaani hata anayeingia akiwa mgeni alijifunza kupanga mawe kama mwenyeji. Kumbe basi jibu la "ni ya nani" ni refu kuliko jina la kabila moja.

Kuna aliyeuliza kama wajenzi walitoka Zimbabwe Kuu. Hapana. Zimbabwe Kuu ilijengwa kati ya karne ya 11 na ya 15 kwa granaiti iliyopasuliwa vipande vinavyolingana, vikalazwa safu kwa safu kama matofali. Huku mawe hayalingani na hakuna safu. Ni matatizo mawili tofauti yaliyotatuliwa na mafundi wawili tofauti, na kila mmoja alitosha kwake.

*

MASHIMO YA WASIRIKWA

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike uzi.

Kilomita chache kabla ya kuingia Nakuru ukitoka Nairobi kuna kilima kinaitwa Hyrax Hill, kwa sababu ya pimbi wanaoishi kwenye miamba yake. Kina makumbusho madogo katika nyumba iliyokuwa ya walowezi, yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 1965. Magari elfu kwa elfu hupita barabarani kila siku na abiria hawageuzi shingo. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938, akakuta makaburi ya kale sana ya watu wa enzi ya mawe, wafugaji wa karibu miaka elfu tatu iliyopita. Lakini upande mwingine wa kilima akakuta mabonde ya duara yaliyochimbwa kwenye mteremko, na hayo ni ya baadaye zaidi.

Mabonde hayo yako kila mahali kwenye nyanda za juu za magharibi: Nakuru, Nandi, Uasin Gishu, Elgeyo, hadi Cherangani. Wakalenjin wakiulizwa walikuwa wakisema ni ya Wasirikwa, watu waliokuwa na ng'ombe wengi, waliokuwepo zamani, wakaondoka. Baadhi ya simulizi zinasema walikimbilia kusini baada ya kupigwa na Wamasai. Lakini pia zipo koo za Kalenjin zinazosema Sirikwa ni babu zao.

Wazungu waliposikia "watu walioondoka" wakaanza kuota. Mwaka 1933 Mwingereza mmoja, Huntingford, aliandika kwamba mabaki haya ni ya ustaarabu uliopotea, akauita wa Azania, kana kwamba ulitoka mbali kaskazini kisha ukatoweka. Wenyeji waliokuwa wakilima na kufuga juu ya mashimo hayo hayo hawakufikiriwa kuwa wanaweza kuwa wajukuu wa waliochimba. Na mashimo yenyewe yalidhaniwa ni nyumba za watu walioishi chini ya ardhi. Bado kuna watu wanaandika hivyo kwenye mitandao leo, na kila nikisoma damu inanichemka.

Aliyesafisha mambo ni mwanaakiolojia John Sutton, kuanzia miaka ya 1960. Alichimba mashimo mengi, likiwemo la Hyrax Hill, na akakuta kitu rahisi chenye akili nyingi. Shimo ni zizi la ng'ombe. Lilichimbwa kwenye mteremko, upande wa juu ukawa ukuta wa ardhi, upande wa chini likaachwa lango. Nyumba ya mwenye ng'ombe ilijengwa ikigusana na zizi, na mlango wake ulifungukia zizini. Kwa hiyo mwizi wa usiku angelazimika kupita lango moja, na ng'ombe wakishtuka tu mwenyewe yuko pale pale. Samadi na matope vilizolewa kila mara na kutupwa nje ya lango, mwaka baada ya mwaka, hadi likawa tuta. Hilo tuta ndilo hazina ya mwanaakiolojia: vigae vya vyungu, mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, majivu. Kule Uasin Gishu kwenye nyika isiyo na miti, waliongeza ukuta wa mawe ndani ya shimo ili udongo usiporomoke. Kwenye misitu walitumia miti na hakuna mawe yaliyobaki.

Na umri? Kati ya mwaka 1200 na 1700 hivi. Karne tano za watu waliokuwa na mfumo mmoja wa kufuga kutoka ukingo wa Bonde la Ufa hadi milima ya Cherangani. Waliacha wakati namna ya kupigana ilipobadilika. Zizi linalindwa vizuri dhidi ya wezi wachache wa usiku. Dhidi ya kikosi kikubwa cha morani wanaokuja kuchukua kundi zima, shimo ni mtego. Watu wakabadilisha makazi, wakabadilisha ulinzi, na wengi wao hawakwenda popote. Wakawa Wakalenjin wa leo, na wengine wakaingia katika jamii nyingine za jirani.

Sasa rudini kwenye swali langu la mwanzo. Kwa nini Kit Mikayi ina hekaya tamu namna ile na shimo la Wasirikwa halina? Mimi naona hivi. Hekaya inahitaji watu wanaokaa karibu nayo vizazi kwa vizazi na kuirudia. Mwamba hauhami na walio karibu nao hawakuhama, basi hadithi imenenepa. Waliojenga Thimlich walipokezana. Kila aliyehama aliondoka na simulizi zake za ukuta. Na Wasirikwa walipobadilisha maisha walibadilisha na jina. Mtoto wao hakuwa na sababu ya kusema "babu yangu alichimba lile," alisema "lile ni la Wasirikwa," kama vile anamzungumzia mtu mwingine. Mikono ilibaki, jina likaenda. Kwa hiyo mahali hapo pasiposimuliwa tunapaswa kupasoma kwa jembe la mwanaakiolojia, na kazi hiyo ni ya polepole, na wakati huo huo trekta iko shambani inalima.

*

Majibu ya haraka kwa waliouliza.

Dada wa Kakamega: jiwe la Ilesi lipo kando ya barabara ya Kisumu kuelekea Kakamega, ni nguzo ya mwamba yenye jiwe kubwa juu kama kichwa, na maji hushuka kama machozi. Wanasimulia ni msichana aliyempenda kijana ambaye baba wa msichana alimkataa. Maji ni ya mvua yanayokusanyika juu na kuteremka kwenye mfereji. Kakamega mvua haikosi, machozi nayo hayakauki. Ni ndugu wa Kit Mikayi kwa jinsi alivyoumbwa.

Aliyetaja Menengai: sawa, lakini vita vya Wamasai, Ilpurko dhidi ya Ilaikipiak, ambapo walioshindwa wanasemekana kutupwa kwenye genge, ni vya karne ya 19. Mvuke unaosemekana ni roho zao zinazopanda ni joto la ardhi, na tangu 2011 linachimbwa kwa ajili ya umeme. Vita vilikuwepo kweli. Shimo lenyewe lilikuwepo maelfu ya miaka kabla yao.

Mzee wetu wa Yimbo aliyeniambia nimeisahau Got Ramogi: sijaisahau, mzee wangu, nilikuwa naitafutia nafasi. Hiki ni kilima tofauti na vingine vyote kwenye uzi huu, kwa sababu hapa simulizi na historia vinashikana mikono. Wajaluo wanasema Ramogi alipanda kilima hiki na kujenga boma lake la kwanza, na kutoka hapo wanawe wakasambaa. Profesa Bethwell Ogot, Mungu amrehemu, alikusanya nasaba za koo kutoka kwa wazee, akazilinganisha moja na nyingine na kuhesabu vizazi, na hesabu ikaangukia mwishoni mwa karne ya 15 na karne ya 16. Wazee hawakuwa na kalenda. Walikuwa na majina ya baba wa baba wa baba, na yalipopangwa sambamba yalikubaliana. Kazi yake ya mwaka 1967 iliwafundisha wanahistoria wengi kwamba kumbukumbu ya mdomo inaweza kupimwa kama hati. Na bado, kabla ya Ramogi watu walikuwepo. Kule Urewe, upande wa Siaya, vilipatikana vyungu vyenye kishimo kidogo kitakoni na mistari iliyochorwa kwa mkono uliotulia, vya wafua chuma wa mwanzo. Mary Leakey na wenzake waliviandika mwaka 1948, na jina la Urewe leo linatumika kwa vyungu vya aina hiyo hadi Rwanda na Burundi.

*

Nimepata swali moja ambalo limenifurahisha kuliko mengine yote. Ndugu kutoka Uasin Gishu anasema kwenye shamba la babu yake kuna bonde la duara, nyasi zake huwa za kijani kuliko za jirani, na wamekuwa wakipanga kulijaza udongo wapande mahindi. Anauliza kama linaweza kuwa lenyewe.

Linaweza kabisa, ndugu yangu. Tazama mambo haya. Simama katikati na uangalie upande wa mteremko wa chini: kuna pengo kama la lango? Toka kwa pengo hilo: kuna tuta limelala mbele yake, hata kama limesawazishwa na mvua? Ukanyage ukingo wa ndani, uone kama kuna mawe yaliyopangwa. Na uangalie pembeni kama kuna kibonde kidogo kilichoungana na hilo kubwa, hapo ndipo nyumba ilipokuwa. Nyasi kuwa za kijani kunapatana na karne za samadi. Mashimo haya mara nyingi hayako peke yake, kwa hiyo tembea na kwenye mashamba ya jirani kabla ya kusema ni moja.

Msijaze. Msichimbe pia, hata kwa nia njema, maana kigae kikitolewa mahali pake bila kuandikwa kilikuwa kwenye tabaka gani, kinakuwa kigae tu. Sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha namna hii atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa, na makumbusho ya karibu yako yako Kitale, vinginevyo wa Hyrax Hill pale Nakuru watakuelekeza. Mzee akiwa hai, mkae naye na umrekodi kwa simu akieleza aliambiwa nini kuhusu shimo hilo na nani alimwambia, kwa Kinandi au Kikeiyo au lugha yoyote anayoitumia kwa raha, msimlazimishe Kiswahili. Mahindi yanaweza kupandwa kulizunguka. Duara lenyewe haliwezi kuwa kubwa kiasi cha kuwanyima chakula.

Picha ipigwe asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, kwa sababu mchana wa saa sita bonde halionekani kabisa. Weka mtu mmoja ndani asimame ili tupate kipimo, kisha zipandishe hapa hapa kwenye uzi.